Jazz ya Bwiza: Nyimbo zilizokwenda ukimbizini na kurudi

UKIMWULIZA kijana wa leo jazz ni nini, huenda akakutajia Wamarekani weusi, tarumbeta na saksafoni. Ukimwuliza mzee wa Bwiza, hapa Bujumbura, atakutajia Franco na Kabasele, na kama aliwahi kuishi Tanzania atakuongezea Mbaraka Mwinshehe na Tabora Jazz. Wote wawili hawajakosea.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilizaliwa mwaka 1980 katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa mwaka 1972. Nilisoma huko huko tangu darasa la kwanza, na nikarudi Burundi mwaka 2008.

Makala haya yanahusu jambo ambalo msomaji anaweza kuliona dogo: watu wachache wa Bwiza wanaokutana Jumapili jioni kusikilizishana nyimbo za bendi za zamani zilizojiita jazz. Kwa sisi tuliorudi, na kwa wale wanaovuka mpaka kila wiki kutafuta riziki, jambo hili lina uzito wake.

Bwiza na jirani yake Buyenzi ni mitaa ambako Kiswahili hakijawahi kuwa lugha ya wageni. Wazee wengine bado huiita Bwiza kwa jina lake la enzi ya ukoloni, Belge. Hapa wamechanganyika Warundi wa kila upande, Wakongo wa Uvira na Bukavu, na watu wenye ndugu Kigoma. Jioni moshi wa mishikaki unapanda, na kila kabare ina spika yake mlangoni.

Katika mazingira hayo mtu hawezi kukosa muziki. Anachoweza kukosa ni kuusikiliza. Ndiyo maana kundi letu lilijiwekea utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila mtu analeta wimbo mmoja tu. Kabla haujapigwa, aseme ameupata wapi, ulirekodiwa na nani, na yeye aliusikia kwa mara ya kwanza akiwa wapi. Wimbo ukianza, hakuna kuzungumza mpaka uishe, na hiyo ndiyo sheria inayovunjwa zaidi. Anayetaka nakala anapewa bure. Kuuza ni mwiko.

Tupo fundi redio, mama anayeuza vitenge vya kutoka Uvira, mstaafu wa ofisi ya serikali, dereva wa lori la Kobero, kijana wa chuo kikuu na mimi. Wengine huja na kuondoka. Hatuna jina, hatuna mwenyekiti, wala hatuna mchango zaidi ya bei ya chai au Primus ya kila mtu.

KWA NINI JAZZ?

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini bendi za gitaa za Afrika Mashariki na Kongo zilijiita jazz wakati muziki wake ulikuwa rumba na cha cha. Jibu ni kwamba neno lilifika kabla ya muziki wenyewe. Miji ya pwani ilipoanza kupata gramafoni na kumbi za dansi, jazz ilikuwa na maana ya usasa: suti, viatu vya kung'aa, vyombo vya kizungu na watu kucheza wawili wawili.

Dar es Salaam Jazz inatajwa kuwa ilianza mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Tangu miaka ya 1930 zilikuwa zimeanza kuingia santuri za Cuba zilizotolewa na kampuni ya His Master's Voice kwa herufi GV. Wanamuziki wa Leopoldville, Brazzaville na Tanganyika walizisikiliza, wakatambua ngoma za Kiafrika ndani yake, wakaziiga kisha wakazigeuza kuwa zao. Marehemu Salum Abdallah wa Morogoro hakuficha chimbuko hilo: bendi yake aliiita Cuban Marimba.

Upande wa pili wa ziwa letu, Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953. Miaka mitatu baadaye, Juni 1956, ilizaliwa OK Jazz, ambayo kijana Franco Luambo Makiadi aliiongoza kwa miaka mingi hadi alipofariki Oktoba 12, 1989. Hizo mbili ndizo shule kubwa za muziki wa Kongo, na ubishi wa nani zaidi haujaisha mpaka leo.

Kwangu mimi jina kubwa zaidi ni Tabora Jazz, na sababu ni ya mtoto wa Ulyankulu. Bendi hiyo ilikuwa ya mkoa wetu. Shem Karenga alipoimba "Dada Asha", sisi watoto wa wakimbizi tuliona kwamba mji mkuu wa dunia ni Tabora. Western Jazz nayo, iliyopiga Dar es Salaam mtindo wake wa saboso, ilipata jina hilo kwa sababu waanzilishi wake walitoka huko magharibi.

Baba alinunua redio-kaseti kwa pesa za tumbaku. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Redio Tanzania Dar es Salaam ikipiga wimbo tuupendao, mmoja wetu alikuwa tayari ameweka kidole kwenye kitufe cha kurekodi. Ndiyo maana kaseti nyingi za nyumbani zinaanza katikati ya ubeti wa kwanza, na nyingine zinaishia kwa mtangazaji kusoma saa.

Kurekodi huko kwa mikono kulikuwa na sababu yake. Santuri za bendi nyingi za Tanzania zilikuwa zikitengenezwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Bendi ziliendelea kurekodi katika studio ya Redio Tanzania, nyimbo zikapigwa hewani, lakini msikilizaji wa kawaida hakuwa na santuri ya kununua. Alichoweza kupata ni kile alichokinasa mwenyewe kwenye redio.

KILICHOBAKI NA KILICHOONDOKA

Kuna mazoea ya kudhani kwamba aliyekimbia alipoteza kila kitu na aliyebaki alitunza. Kuhusu ardhi na nyumba, mara nyingi ni kweli, na wasomaji wengi waliorudi wanajua maumivu ya kukuta shamba la baba lina mwenyewe. Lakini kuhusu muziki, Bwiza imenifundisha kwamba wakati mwingine ilikuwa kinyume chake.

Yule mstaafu wetu hakuwahi kukimbia nchi. Alikuwa na sanduku la santuri ndogo za African Jazz, OK Jazz na bendi za Dar es Salaam, alizoanza kukusanya akiwa kijana. Machi 1995, ghasia za kikabila zilipoikumba Bwiza na Buyenzi, watu wengi waliuawa na maelfu wakahama nyumba zao. Yeye alihamia kwa ndugu mtaa mwingine akiwa na watoto na godoro. Aliporudi alikuta kuta tu.

Kwa miaka mingi hakutaka hata kuzitaja zile santuri. Anasema ilikuwa aibu kulilia nyimbo wakati majirani wanalilia watu.

Jumapili moja nilipiga kaseti ya marehemu baba. Ulikuwa wimbo wa Western Jazz, uliochakaa, sauti inapanda na kushuka. Mstaafu alivunja sheria ya ukimya akaanza kuimba kiitikio, kisha akanyamaza akijifuta uso kwa leso. Wimbo huo ulikuwa kwenye lile sanduku lake. Alikuwa hajausikia tangu mwaka 1995.

Tangu siku hiyo aliandika orodha ya nyimbo anazozikumbuka kutoka sandukuni, na sisi tuliorudi kutoka Ulyankulu, Katumba, Mishamo na kambi za Kigoma tukaanza kuzitafuta kwa ndugu na marafiki. Kila inayopatikana anaipiga mstari. Waliofukuzwa mwaka 1972 wamemrejeshea aliyebaki nyimbo zilizoungua mwaka 1995. Sijui tume gani ya maridhiano ingeweza kupanga jambo kama hilo kwenye ratiba yake.

UBISHI WA KILA JUMAPILI

Msomaji asidhani kwamba tunakaa kwa upole. Ubishi mkubwa ni kati ya wapenzi wa Kongo na wapenzi wa Tanzania.

Mama wa vitenge ni wa Kongo. Kwake yeye bendi za Tanzania zilikuwa wanafunzi. Anataka gitaa: Dokta Nico akianza kupanda polepole, au Franco anapoingia kwenye seben na kurudia kifungu kimoja mpaka miguu ikubali yenyewe. Anasema maneno yanachelewesha.

Dereva wa Kobero ni wa Tanzania, kwa maana ya muziki. Anajibu kwamba gitaa bila maneno ni kama mchuzi bila ugali. Kwake wimbo ni habari: fulani kamtendea fulani hivi, sikilizeni mpate funzo. Anampenda Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alikwenda na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, baadaye akaunda Super Volcano, na akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa bado kijana wa miaka 34. Wimbo wake "Shida" dereva huyo anaujua kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mama akasema hata Franco alitoa habari, akaleta "Mario" wa mwaka 1985, kisa cha kijana aliyesoma lakini anaishi kwa kulelewa na mwanamke aliyemzidi umri. Tatizo ni kwamba wimbo ni wa Kilingala na wengi wetu tulikuwa tumeucheza kwenye harusi miaka yote bila kuelewa. Alipotufasiria, dereva alicheka sana, akasema ni aibu kuwachezea maharusi wimbo wa namna hiyo.

Mimi huwakumbusha kwamba mpaka wanaoupigania haukuwapo. Orchestra Maquis ilitoka Kamina, Kongo, ikahamia Dar es Salaam mwaka 1972 na kuimba Kiswahili. Super Mazembe nayo ilitoka huko huko ikaweka makao Nairobi mwaka 1974. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978, na alipofariki Desemba 2010 Watanzania walimzika kama mtoto wao. Remmy ni wa nani? Swali hilo sisi warejeaji tunalijua vizuri, maana hata sisi tuliporudi tuliitwa Watanzania na watu waliotucheka kwa kutojua Kifaransa.

WAMAREKANI WALIOITANA KWA KISWAHILI

Kijana wa chuo kikuu ndiye aliyetuletea jazz ya Marekani. Mwanzoni wazee walilalamika kwamba hakuna mahali pa kuimba. Akawaletea habari zilizowafanya watege sikio.

Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi New York santuri aliyoipa jina "Uhuru Afrika". Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na sehemu ya Kiswahili ilisomwa na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru, nao Burundi ulikuwa bado mbele, Julai 1, 1962. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964. Tulipoisikiliza hapa Bwiza, mstaafu aliomba irudiwe sehemu ile ya Kiswahili mara mbili.

Mwaka huo huo wa 1960, mwezi Oktoba, Louis Armstrong alifika Leopoldville na tarumbeta lake, wenyeji wakambeba juu kwenye kiti kama chifu. Kwa hiyo jazz ya kule na jazz ya huku ziliwahi kusalimiana uso kwa uso.

Kilichonifurahisha zaidi kama mwalimu ni kundi la mpiga piano Herbie Hancock mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hancock alijiita Mwandishi, na santuri yake ya mwaka 1971 ina jina hilo hilo. Mpiga besi Buster Williams aliitwa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alisomea udaktari, akawa Mganga. Niliwapa wanafunzi wangu majina hayo, ukiacha Jabali, kama zoezi la nomino zinazotokana na vitenzi. Watoto wanaochekwa mtaani kwa Kiswahili chao walishangaa kusikia kwamba kuna Wamarekani walikitafuta ili wajiite kwacho.

KASETI YA PANDE MBILI

Si kila rekodi inafaa kugawanywa. Hilo tulifundishwa na mama mwingine, mrejeaji wa kambi ya Mtabila, anayefanya biashara ya dagaa na mawese kupitia mpaka wa Mugina na Manyovu.

Alileta kaseti iliyokatika utepe. Upande wa kwanza ulikuwa na nyimbo za NUTA Jazz na Juwata. Upande wa pili, alisema, ni sauti ya mumewe. Enzi hizo watu wa kambini walitumiana barua za kaseti: unakaa mbele ya redio, unasalimia ndugu mmoja mmoja, unataja aliyezaliwa na aliyefariki, kisha unamkabidhi msafiri. Hii haikufika ilikokusudiwa. Mume alifariki kabla kambi haijafungwa Desemba 2012, na kaseti ikabaki kwenye sanduku la nguo.

Fundi redio alifungua ganda, akaunga utepe kwa kipande chembamba cha selotepu, akabadilisha ganda zima kwa sababu kile kisponji cha kukandamiza utepe kilikuwa kimedondoka. Kazi ilichukua alasiri nzima. Upande wa nyimbo ulipigwa mbele ya wote. Ilipofika zamu ya upande wa pili, baadhi yetu tulitaka usikike, kwa heshima ya marehemu.

Mama alikataa. "Baba, mle ndani anataja majina ya watu wangu," alimwambia fundi. Akaomba kipaza sauti cha masikioni, akasikiliza peke yake dakika zote, sisi tukinywa chai bila kutazamana. Alipomaliza aliomba iwekwe kwenye simu yake na ya binti yake, basi. Nyimbo za NUTA tulipewa. Sauti tuliiacha kwa wenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Bukavu, maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi na Gatumba kuingia Burundi. Kwenye kundi letu alifika mwalimu mwenzangu mmoja aliyeacha nyumba na maktaba yake. Alikuja na simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake nyimbo za Kongo ambazo hata mama wa vitenge hakuwa nazo. Aliomba tuzinakili zote usiku ule ule, kabla simu haijafa. Sisi wa Ulyankulu hatukuhitaji kuelezwa haraka hiyo ilitoka wapi. Nakala yake sasa ipo katika nyumba nne za Bwiza na moja ya Makamba.

KABLA KASETI HAZIJAFA

Fundi wetu ameniomba niwaandikie wasomaji mambo machache, maana anaona watu wakiharibu mali kwa nia njema.

Kwanza, usiitie kaseti ya zamani kwenye redio yoyote uliyoikuta. Safisha kwanza kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Izungushe kaseti kwa kalamu pande zote mbili taratibu ili utepe usigandane. Ukiona unga mweupe wa ukungu, usiipige, mpelekee anayejua.

Pili, vunja vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti, ili mtoto asibonyeze kitufe na kurekodi juu ya sauti ya babu yake. Usiiache kwenye jua wala juu ya spika.

Tatu, unapohamishia kwenye simu au kompyuta, tumia waya kutoka tundu la kipaza sauti cha masikioni. Usiiwekee simu mbele ya spika, utapata na jogoo wa jirani. Kagua mkanda wa mpira wa redio pia: ukilegea, bendi nzima itaimba kama imelewa.

Nne, andika. Jina la wimbo, bendi, nani alirekodi, mwaka kama unajulikana, na kaseti ilipita wapi. Kisha weka nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Mstaafu wetu alikuwa na sanduku moja. Mfanyabiashara mwingine tunayemjua alikuwa na kibanda cha kaseti katika Soko Kuu la Bujumbura, lililoungua Januari 27, 2013, na kila alichokuwa nacho kilikuwa humo.

Ninyi mnaovuka Kobero, Mugina na Gatumba mna nafasi ambayo wengine hatuna. Katika masoko ya Kigoma, Kasulu, Ngara na Uvira bado kuna kaseti zinazouzwa kwa bei ya plastiki, au zinazotupwa mzee wa nyumba akifariki. Ulizeni kabla hazijatupwa. Mkipata zenye sauti za watu, watafuteni wenye sauti hizo kwanza. Mkipata zenye nyimbo, gawaneni.

Wapo watakaosema nchi ina shida kubwa kuliko kaseti: mafuta ya gari ni ya foleni, umeme unakatika, bei sokoni zinapanda. Ni kweli, na Jumapili nyingine tunasikiliza kwa betri kama zamani. Lakini hawa hawa wanaopanga foleni walikuwa na vijana wao, harusi zao na watu wao waliopotea, na sehemu ya habari hizo imeandikwa kwenye utepe mwembamba kuliko utepe wa nguo. Akiba haiozi, walisema wahenga. Hii ya kaseti inaoza, na walio nayo wanazidi kuzeeka.